Simu hukopa Kiingereza, fedha hudai Kiswahili

Na Elia Mughwai

Msamiati wa simu unaosikika mkoani Singida, kuanzia stesheni ya Manyoni hadi soko la vitunguu la Misuna, una matabaka matatu. Yapo maneno yaliyotangulia simu ya mkononi, yapo ya Kiingereza yaliyoingia pamoja nayo, na yapo ya Kiswahili yaliyokuja na huduma za fedha. Tabaka la tatu ndilo linalopaswa kulindwa kuliko yote.

"Simu" yenyewe si neno la Kiingereza. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilihusu waya, na Kiswahili kililitumia kwa telegrafu pia. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani mtu aliweza kupelekewa simu akaisoma. Halina undugu wowote na kadi ya sim, ambayo jina lake ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza. "Haloo" ndiyo ya kukopa. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alitaka mazungumzo yafunguliwe kwa "ahoy". Thomas Edison alipendekeza "hello" mwaka uliofuata, na la Edison likashinda. Kiswahili kimelipokea neno hilo bila kupokea haraka yake. Baada ya "haloo" hufuata shikamoo, habari za nyumbani, za watoto na za mvua, ndipo shida itajwe, hata kama salio ni la dakika moja.

Tabaka la pili liliingia kwa kishindo baada ya simu za mkononi kuanza nchini katikati ya miaka ya 1990, na hasa Vodacom ilipoanza huduma mwaka 2000. Laini, vocha, chaji, meseji na bando vyote vimetoka Kiingereza, lakini sarufi yake ni ya hapa: bando limeisha, simu haichajiki, laini imefungwa. Maana nazo zimehama. Kwa Mwingereza, laini ni njia ya mawasiliano. Kwa Mtanzania, ni kile kikadi kinachosajiliwa kwa alama za vidole. Wenye Kiingereza chao nao hawakubaliani. Alama ya # Waingereza huiita "hash" na Wamarekani "pound". Mtanzania aliitazama akaona mataruma na vyuma, akaiita reli. Kwa hiyo anayetaka kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lake huelekezwa abonyeze nyota, mia moja na sita, reli. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga jina hilo, na hakuna anayelisahau.

Kubip kuna hadithi pana zaidi. Kwa Kiingereza, "beep" ni mlio tu. Katika Afrika Mashariki, kubip kumekuwa tendo lenye taratibu zake: kupiga na kukata kabla ya kupokelewa, ili mwenzako apige kwa gharama yake. Jonathan Donner, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na uliofanyika zaidi Rwanda, alieleza kwamba mwenye nacho ndiye anayetarajiwa kupiga, na kwamba mwanamume anayembip mwanamke anayemposa hujishushia hadhi. Hata Singida, mtoto akimbip mzazi hakuna anayeshangaa. Mzazi akimbip mtoto mwenye kazi, huo ni ujumbe tosha.

Majina yaliyotungwa mezani hayakupata bahati hiyo. "Rununu" imeshika zaidi katika vitabu na vyombo vya habari vya Kenya. Tanzania wanasema simu ya mkononi. Ile ndogo yenye tochi ni kitochi, na ya kisasa ni simu janja. Jina hudumu pale mnunuzi na muuzaji wanapolihitaji kila siku.

Tabaka la tatu lilianza na M-Pesa mwaka 2008. Hapo Kiingereza hakikutosha, kwa sababu mtumiaji alihitaji kuelewa kabla ya kubonyeza. Yakatumika maneno ya wazi: kuweka, kutoa, kutuma, salio, makato, wakala. Muuza kuku anayesimama mbele ya meza ya wakala chini ya mwavuli hahitaji kufafanuliwa hata moja. Bora kuliko yote ni "namba ya siri". "PIN" ni herufi tatu zisizoonya chochote; "namba ya siri" ni jina na ni onyo. Wakala akimwomba mteja amtajie namba yake ya siri, ombi lenyewe limeshamfichua.

Hapo ndipo kasoro ya sasa inapoonekana. Programu za benki na za mikopo hutuma tarakimu za muda ziitwazo "OTP", na matapeli huzitaka kwa kujifanya wahudumu wa mtandao. Mtu aliyefundishwa kuificha namba ya siri anaweza kuzitaja tarakimu hizo bila wasiwasi, kwa kuwa jina "OTP" halimwambii kitu. Laini na vocha zinaweza kubaki zilivyo, hazimdhuru mtu. Lakini kila neno linalofungua mlango wa fedha liandikwe kwenye ujumbe kwa Kiswahili kinachojieleza, na "namba ya siri ya muda" ingetosha. Kampuni za simu, benki na mamlaka zinazozisimamia zinaweza kulibadilisha hilo kwa kuhariri ujumbe mmoja.