Tunataka Hesabu ya Maradhi na Hesabu ya Barabara



Tumeulizwa, na wenye kuuliza si wote mahasimu wetu, kwa nini tunaendelea kuyafukua mambo ya korona hali ya kuwa watu wamekwisha kuzika wafu wao, wageni wamekwisha kurudi mahotelini, na lami inamwagwa mchana na usiku. Jawabu letu ni fupi. Tunayafukua kwa sababu hesabu haijafungwa. Serikali iliyokuwa na dhamana ya maradhi yale ndiyo hiyo hiyo yenye dhamana ya barabara hizi, na fedha zilizokopwa kwa jina la wagonjwa zinalipwa na wazima, nao ni sisi na watoto wetu.

Kwanza tuiondoe njiani hoja moja ambayo wakubwa hupenda kujificha nyuma yake, nayo ni kwamba kila jambo la wakati ule lilitoka Bara. Afya si jambo la Muungano. Barabara si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, ina wizara yake ya ujenzi, na ina Baraza lake la Wawakilishi la kupitisha bajeti ya zote mbili. Mgonjwa wa kwanza alipopatikana katika visiwa hivi mwezi wa Machi 2020, aliyetangaza ni Waziri wa Afya wa Zanzibar. Na pale hesabu za Bara zilipokatika baada ya tarehe 29 Aprili, Zanzibar iliendelea kutoa zake mpaka tarehe 7 Mei. Siku hizo chache tunazitaja kwa insafu, maana zinathibitisha kwamba uwezo ulikuwapo. Wizara ilijua kuhesabu. Kisha nayo ikanyamaza. Ni nani aliyeamuru kunyamaza huko, na kwa sheria gani?

Zaidi ya mwaka mzima Jamhuri ikakaa na wagonjwa wake 509 na vifo vyake 21, kana kwamba maradhi nayo yalisikia amri yakasimama. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akiwa katika Spitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wiki chache kabla yake, chama chake kilikuwa kimetangaza hadharani kwamba ameambukizwa korona. Na tuyazingatie hayo: kilichosema ni chama. Ikiwa mtu wa cheo hicho maradhi yake yalitangazwa na wenziwe wa siasa, nani alimsemea mvuvi wa Kojani au mama muuza urojo wa Jang'ombe?

Wala asije mtu akatwambia kwamba Serikali yetu haina mazoea ya kuhesabu. Karafuu ya mkulima wa Pemba, ambayo hana ruhusa ya kumuuzia mwengine ila Shirika la Serikali, hupimwa kwa mizani na kuandikwa, na gunia moja likishukiwa kuvushwa kwa magendo huwekwa walinzi pwani. Watalii nao walihesabiwa katika miaka hiyo hiyo ya kimya: tunajua kwamba mwaka 2019 waliingia zaidi ya 500,000, na kwamba mwaka 2020 walishuka wakawa 260,000 hivi. Aliyeteremka katika ndege aliandikwa. Aliyeteremshwa kaburini hakuandikwa. Sisi hatuna chuki na watalii, na twajua ni wangapi miongoni mwetu waliolala na njaa hoteli zilipofungwa; lakini tunauliza hesabu hizi mbili zina tofauti gani, ikiwa si kwamba moja inaleta fedha na ya pili inaleta aibu?

Sasa tuje kwenye barabara, maana wako wanaodhani kwamba hili ni jambo la pili lisilohusiana na la kwanza.

Korona ni maradhi ya pumzi. Mwenye homa ya kawaida huweza kungoja asubuhi. Aliyekatikiwa na pumzi hana nafasi hiyo. Kwake yeye spitali haianzii mlangoni kwa dakitari. Inaanzia pale alipolala, na kila shimo lililo baina yake na mtungi wa hewa ni sehemu ya matibabu yake au ni sehemu ya kifo chake. Na kumbukeni lilipokuja wimbi la kwanza: Aprili na Mei 2020, yaani masika yenyewe, wakati ambapo njia za udongo za mashamba ya Pemba zinageuka tope jekundu na gari ya abiria inasita kuingia. Mtu wa Konde aliyehitaji spitali kubwa ya kisiwa, ile ya Abdalla Mzee iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, ilikuwa apite Chake Chake, kisha aifuate barabara ya zamani, nyembamba na ya kona nyingi, mpaka Mkoani, ambako ni mwisho wa kisiwa kwa upande wa pili. Ametoka kaskazini akaenda kusini akiwa hana pumzi. Yule wa Kojani ana bahari ya kuvuka kwanza, kwa dau, ndipo apate hiyo barabara ya kulalamikia.

Kazi ya kuijenga upya barabara ya Chake Chake na Mkoani ilikuja baada ya maradhi kupungua. Hatusemi isijengwe; tumeidai miaka mingi, na aliyeijenga tutamshukuru. Tunasema kwamba mtu anayepanga barabara katika wakati wa maradhi anahitaji kujua wagonjwa wako wapi, saa ngapi zinawatenga na tiba, na njia ipi inakatika mvua inaponyesha. Serikali iliyofunga daftari la wagonjwa ililifunga daftari hilo kwa mhandisi wake vile vile. Naye hakubakiwa na kitu cha kumwongoza katika kuchora ila ahadi za majukwaani, nazo mwaka 2020 zilikuwa nyingi, maana uchaguzi ulikuwa tarehe 28 Oktoba na mikutano ilijaa watu bega kwa bega.

Hapa tunamkumbuka Dakitari James Christie, Mzungu aliyekuwa akitibu Unguja wakati wa kipindupindu kikubwa cha 1869 na 1870. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya maradhi yale, na jambo alilolishughulikia mno ni njia: maradhi yalitoka wapi, yalifuata misafara gani ya bara, yakashuka vipi Pangani, yakavuka kwa majahazi gani kuja mjini. Hakuwa na afisi ya takwimu wala simu ya mkononi. Alikuwa na subira ya kuuliza, na mabaharia na wachukuzi waliokubali kumjibu. Mtu mmoja chini ya Sultani alijua kwamba maradhi na njia havitengani. Seuze dola yenye wizara mbili kamili?

Na hao wa kuulizwa walikuwapo. Visiwa vyetu vina mikoa 5 na wilaya 11, na chini yake masheha mpaka ndani ya vichochoro. Sheha anajua nani kaugua katika shehia yake na nani kazikwa, kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe husimama makaburini. Madaftari yao yangekusanywa, idadi ingepatikana kabla ya wiki mbili. Lakini sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Hakuna hata mmoja katika ngazi hiyo aliyetoka katika sanduku la kura la wale anaowahudumia. Khabari hupanda juu zikitakiwa, na zisipotakiwa hufa pale pale chini. Ndiyo sababu chama chetu hakichoki kusema kwamba sheha achaguliwe na watu wake. Wenzetu wengine huliona hilo ni deni la siasa tu. Katika miaka ya korona lilikuwa ni jambo la uhai.

Yamebaki mambo ya fedha. Mwezi wa Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania dola milioni 567.25 kwa ajili ya kupambana na maradhi haya na taabu zake. Kukopa nje ni jambo la Muungano, kwa hivyo mkopo ulipitia huko, na fungu la Zanzibar lilizidi shilingi bilioni 200. Theluthi mbili hivi za mkopo mzima ni za namna ambayo hulipwa ndani ya miaka 5, haikuwa sadaka. Kwa fedha za fungu letu zilijengwa spitali za wilaya, Unguja na Pemba, na sisi si vipofu: kuta za Micheweni na Vitongoji tunaziona, na mama anayejifungua karibu na kwao hatumwambii arudi alikotoka kwa sababu ya siasa zetu. Tunachouliza ni hiki. Zilipochorwa spitali hizo, ni njia gani za vijijini zilizochorwa pamoja nazo, katika karatasi moja na kwa fungu moja? Au wizara moja ilijenga nyumba ikaiachia wizara ya pili ikumbuke mlango siku itakapopata nafasi?

Miaka michache baadaye tukaona kazi ya madaraja ya juu inaanza Mwanakwerekwe na Amani. Foleni ya Mwanakwerekwe ni adha, hatubishi. Lakini aliyekaa katika foleni ile huchelewa kazini, na yule wa shamba aliyekwama masika na mgonjwa mapajani hachelewi, hafiki. Pemba ilihesabiwa watu 543,441 mwaka 2022. Tuonyeshwe, shilingi kwa shilingi, watu hao wamepimiwaje katika mipango ya barabara iliyofuata maradhi, nasi tutatulia tusome.

Kwa hivyo tunawataka Wawakilishi, wa chama chochote, waulize barazani. Itolewe idadi ya waliozikwa katika kila shehia mwaka 2020 na 2021, ilinganishwe na ya mwaka 2019. Haihitaji mtaalamu, inahitaji madaftari ya masheha na kalamu. Utolewe mchanganuo wa fedha za mkopo ule, jengo kwa jengo. Na ichapwe ramani ya kila wilaya inayoonyesha, pasipo kilomita, saa anazotumia mgonjwa kufika spitali katika mwezi wa Aprili, siyo katika mwezi wa Januari ambapo njia zote ni kavu na kila waziri anapita.

Wanachama wa matawi ya Pemba tunawaomba wasingoje. Kila tawi lichague njia moja, lipime saa zake masika yatakapoingia, na lituletee kwa barua yenye jina la shehia na tarehe. Nusu ya karatasi ya mwisho ya toleo lijalo tumeiacha tupu kwa ajili ya barua hizo, na kwa ajili ya jawabu la Serikali ikiwa italeta.