KONA YA FUNDI: Ndege Moja Kutoka Ndege Tatu



Niliahidi kwamba mwezi huu tutaongea juu ya taa. Taa itangoja, maana kuna mtoto wa jirani, miaka 11, aliyekuja kwangu na kifuko cha gunia. Ndani mlikuwa ndege tatu zilizovunjika. Moja ilibaki na mabawa tu, ya pili mkia, ya tatu mgongo umekatika. Alikuwa akizitengeneza na rafiki yake, na huyo rafiki ameondoka na wazazi wake kwa safari ya OIM kwenda Marekani. Waliagana hivi: siku itakayoruka, unitumie picha kwa simu ya mama.

"Papa Fundi, nimejaribu, iko naanguka tu!"

Mama yake alitaka kukitupa kile kifuko jalalani. Mama, utanisamehe, hapa niko upande wa mtoto.

Zile ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio kule Ulaya na Marekani, wenyewe hawazitupi zikianguka. Bawa likivunjika, mara nyingi mota bado nzima, na kile chombo cha kupokea mawimbi bado kizima. Wanatoa bawa kwa hii, mkia kwa ile, wanapata mpya. Nasi radio tunazitengeneza hivyo hivyo, tatu zilizokufa zinazaa moja. Hata hapo jirani Rwanda, tangu Oktoba 2016 ndege za Zipline zisizo na rubani zinapeleka damu hospitalini na kuidondosha kwa parashuti. Ni nyepesi. Wepesi ndio mwanzo wa kazi yote.

Ya kwetu haina redio. Mtoto aliniomba tufunge mota ya kaseti. Nilimwonyesha: inazungusha kipande cha kopo vizuri, lakini yenyewe na mawe yake ya radio ni mzigo kuliko ndege nzima. Basi tukaacha, tukatengeneza ya kurusha kwa mkono.

Mabawa yalikuwa ya frigolite, ile povu nyeupe inayofungia televisheni. Tulikata upya kwa wembe: urefu sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, upana 10. Mgongo ukawa bua kavu la mtama, mkia tukautoa kwa ndege ya pili vile vile ulivyokuwa. Gundi ni ugali mwepesi wa unga wa muhogo na vipande vya karatasi. Msitumie ile gundi kali ya dukani wala kupaka petroli, frigolite inayeyuka mbele ya macho yako. Tena msiikate kwa waya wa moto ndani ya nyumba, moshi wake ni mbaya kwa kifua.

Sasa ile sababu ya kuanguka. Ndege zote tatu zilikuwa nzito nyuma. Weka vidole viwili chini ya mabawa, sentimita 3 hivi kutoka ukingo wa mbele. Ndege ikae sawa juu ya vidole. Mkia ukishuka, funga msumari puani, jaribu tena, ongeza mwingine. Ya kwetu ilikula misumari mitatu. Halafu inua ncha za mabawa kidogo, zikae kama mikono ya mtu anayebeba ndoo mbili akaichoka, anaipandisha pandisha. Hapo haipinduki upande. Ikirushwa, ikiinua pua, ikasimama hewani na kudondoka, pua bado ni nyepesi. Ikienda chini moja kwa moja, toa msumari mmoja. Na rusheni polepole, kama unamsukuma mtu mlangoni, si kama unatupa jiwe kwa mbwa.

Jambo moja nalisema kwa wazazi kwa ukali. Watoto wanaokota betri za simu ili wafanye mota. Betri iliyovimba au kubonyea isitobolewe, isitiwe motoni, isichezewe. Inaweza kuwaka ghafla mkononi. Ukiiona kwa mtoto, ichukue siku hiyo hiyo.

Jumamosi tulienda kiwanjani asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mara ya kwanza ikala udongo. Mara ya pili pia, tukakunja nyuma ya mkia juu kidogo kwa kidole. Mara ya tatu ikaondoka kimya, ikapita goli lote, watoto wakakimbia nyuma yake wakipiga kelele, ikatua juu ya shitingi ya nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa bado amelala.

Mzee alitoka na hasira. Akaiangalia. Akauliza, "Hii ni ya nani?" Halafu akaenda kutafuta kiti aishushe mwenyewe.

Picha ilipigwa, mzee naye yumo. Imetumwa. Taa, mwezi ujao, karatasi ikitosha.