Muswada Wangu Hauna Mpangaji

Waandishi wenzangu, tuambizane ukweli. Mnanicheka eti naandika riwaya kwa LibreOffice, "programu ya walalahoi". Haya, hiyo ya wizi mliyowekewa na fundi wa mtaani kwa buku tano, nani kaipekua tumboni? Kimya!

Mwaka 2009 kampuni ya Amazon iliingia, kutoka huko huko iliko, ndani ya Kindle za wateja waliokwisha kulipa, ikafuta vitabu viwili vya George Orwell: 1984 na Animal Farm. Hicho cha pili wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama. Sababu? Aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Hela zilirudishwa, sawa. Lakini kitabu nilichonunua chini ya mwembe, hakuna mtu wa Marekani wa kunipokonya nikiwa nimelala.

"Sina cha kuficha," mnasema. Acheni hizo! Mwandishi asiye na cha kuficha ana nini cha kuandika? Rasimu mbovu ni siri ya mtu na daftari lake.

Programu huria matumbo yake yako nje. Anayejua anayasoma, akiona kupe anapiga kelele. Na msinambie ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo. Sisi tunabofya "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Tunaojiita wasomaji!