Kosa la Aliyesema

Ndugu wasomaji wa Louisville, Columbus na Buffalo,

Kila tunapokutana, iwe msibani au harusini, haipiti nusu saa kabla hatujafika kwa mafisadi wa nyumbani. Tunawataja kwa majina, tunawahukumu, kisha tunaongeza chai. Leo naomba niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Ugonjwa wetu mkubwa si wizi, maana wezi wako kila nchi. Ugonjwa wetu ni kwamba anayesema kuna wizi huadhibiwa haraka kuliko mwizi.

Nisieleweke kwamba naisifia Marekani. Wakazi wa Columbus mnakikumbuka kisa cha Larry Householder, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Ohio. Alikamatwa Julai 2020 katika kashfa ya rushwa ya takriban dola milioni 60, fedha za kampuni ya umeme ya FirstEnergy, ili ipite sheria ya kuviokoa vinu viwili vya nyuklia kwa fedha za wateja. Na wapiga kura wake wakamrudisha Novemba mwaka huohuo, hali ameshashtakiwa! Huko Buffalo, mkandarasi Louis Ciminelli alitiwa hatiani mwaka 2018 kwa zabuni za mradi wa jimbo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu. Kwa hiyo hawa si malaika. Lakini Householder alifukuzwa barazani Juni 2021, hata wa chama chake wakipiga kura ya kumtoa, na Juni 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 20.

Sasa twende nyumbani, na tubaki kwenye umeme, kwani ndio kazi iliyonilisha miaka yote hii. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikawa gizani. Serikali ikasaini mkataba wa dharura na kampuni iitwayo Richmond ilete mitambo ya megawati 100. Kampuni haikuwa na uwezo huo, na mkataba ukahamia kwa Dowans. Februari 2008 kamati ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Tulishangilia. Tukadhani tumefika.

Tulifika wapi? Mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliiamuru TANESCO iilipe Dowans kiasi cha dola milioni 65. Mwaka 2015 marehemu Lowassa, ambaye siku zote alikana kosa, alisimamishwa kugombea urais na wapinzani walewale waliomwita fisadi, akapata karibu asilimia 40 ya kura. Hatukuwahi kuupata ukweli mahakamani, wa kumsafisha wala wa kumfunga.

Likaja la akaunti ya Tegeta Escrow. Bunge likawaka moto Novemba 2014, na Januari 2015 Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, naye akikana kosa, akajiuzulu. Desemba mwaka huohuo akateuliwa tena katika wizara ileile. Hata mwaka haukutimia! Kama alikuwa safi, kwa nini aliondoka? Na kama aliondoka kwa haki, kwa nini alirudi? Mwananchi hakujibiwa lolote kati ya hayo mawili.

Sasa tazameni waliosema. Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa huko New York, akasema kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa mbele ya kamati. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba akawa nje ya ofisi. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Na Spika Job Ndugai, aliyeliongoza Bunge lile dhidi ya Assad, yakamkuta yaleyale. Desemba 2021 alisema kwa deni hili nchi itapigwa mnada, na Januari 2022 alikuwa ameshajiuzulu. Aprili 2025 Tundu Lissu alishtakiwa kwa uhaini kwa maneno aliyosema kuhusu uchaguzi. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, intaneti ilizimwa. Sisi huku tulikaa siku kadhaa tukisubiri ujumbe wa wazazi usiofika, na mitaani watu wanauawa.

Mhandisi yeyote atakuambia: geji ikionyesha mtambo unachemka, huvunji geji. Unazima mtambo, unatafuta chanzo. Sisi tunavunja geji, kisha tunashangaa mtambo umelipuka.

Na hili si la Dodoma peke yake. Nimewahi kukaa katika mkutano wa mwaka wa chama kimoja cha wenzetu hapa Marekani. Mama mmoja, mbeba boksi wa zamu ya usiku, alisimama akauliza kwa adabu: michango ya rambirambi ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani, na imebaki kiasi gani? Ukumbi ukanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Huyu analeta fitina." Watu wakapiga makofi. Mama hakujibiwa, na sikumwona tena mkutanoni. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kuiandikia barua serikali yoyote, tuanze na daftari letu. Hesabu zisomwe kila mkutano, senti kwa senti, risiti zikiwa mezani. Mweka hazina asikague hesabu zake mwenyewe. Na anayeuliza ajibiwe kwa tarakimu, asijibiwe kwa jina baya. Hatuhitaji viza wala kibali cha mtu kufanya hayo. Tukishindwa kumlinda mama mmoja aliyeuliza habari za dola mia chache, tutamlinda vipi mkaguzi anayeuliza habari za mabilioni?

Yule mama, kama anasoma haya, naomba radhi. Swali lake bado halijajibiwa, na safari hii nitalisimamia mimi.

Naomba kuwasilisha.