Njia ya Misafara Irudi, Safari Hii kwa Baiskeli

Kwa:
Mheshimiwa Dkt. Julius Malombe, Gavana wa Kaunti ya Kitui
Mheshimiwa Mutula Kilonzo Junior, Gavana wa Kaunti ya Makueni

Nakala: Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu

KUH: NJIA YA BAISKELI KUTOKA NZAMBANI HADI PWANI

Waheshimiwa Magavana,

Naandika kuomba jambo moja lisilohitaji jengo jipya wala mwekezaji kutoka ng'ambo. Naomba kaunti zenu mbili ziweke alama, maji na usalama kwenye njia ya baiskeli itakayoanzia Mwamba wa Nzambani, ipite Mutomo na Ikutha, ivuke Mto Athi hadi Kibwezi, kisha iungane na barabara ya kuteremkia Rabai, Mombasa na Gede. Lami imekwisha kuwekwa kati ya Kitui na Kibwezi, na historia ya njia hii ina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Kilichobaki ni mwenye mamlaka kuviunganisha.

Mtu anayetaka kutembelea magofu kwa baiskeli nchini Kenya leo huelekezwa Kilifi na Malindi. Anayemwelekeza hakosei. Ardhi ni tambarare, minazi na mikorosho humpa kivuli, na katika siku chache atakuwa amefika msikiti wa kale wa Mnarani, mji wa mawe wa Gede ndani ya msitu, na nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na Gede ikafuata mwaka 2024. Huko mgeni huonyeshwa vyombo vya kauri kutoka Uchina na ushanga kutoka Bara Hindi, akasimuliwa habari za majahazi na pepo za kaskazi na kusi. Bara hupewa sentensi moja tu, kwamba pembe za ndovu zilitoka huko, kana kwamba zilijitembeza zenyewe hadi ufukweni.

Zilibebwa na watu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Gede ikiwa imehamwa zamani na Mombasa ikiwa mlango wa biashara ya bara, misafara iliyopeleka pembe Mombasa kutoka bara ilikuwa zaidi ya Wakamba. Mamia ya watu waliteremka kwa miguu kutoka Kitui, wakakata nyika ya Tsavo na mizigo mabegani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma wengine wahamie kabisa pwani, na vizazi vyao viko Rabai na Kwale hadi leo. Wachonga vinyago wa Kikamba wa Changamwe walikuja baadaye, lakini uelekeo ni ule ule: Ukambani na bahari hazijawahi kuachana.

Kinara wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyeanzisha kituo Rabai mwaka 1846. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliiona theluji ya Mlima Kenya, habari ambayo wataalamu wa Ulaya waliibishia kwa miaka mingi. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo, wakielekea Mto Tana, msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf akajikokota kurudi kwa kujificha, maji yake ya kunywa akiyabeba ndani ya mitutu ya bunduki. Rabai leo kuna makumbusho yanayosimulia habari za mgeni yule. Mwenyeji wake anastahili kusimuliwa huku kwake kwa upana uo huo, na asimuliwe mahali alipopita.

Kwako, Mheshimiwa Kilonzo, historia inazidi kunenepa. Barabara ya mikokoteni ya Mackinnon, ambayo Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1890, ilikomea Kibwezi. Wamishenari Waskoti wakafungua kituo hapo mwaka 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Kisha ikaja reli, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kumaliza enzi ya wapagazi. Mji wa Sultan Hamud una jina la Sultan Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kati ya 1896 na 1902. Ni watoto wangapi wa Makueni wanaojua kwamba jina la mfalme wa visiwani limebandikwa kwenye soko lao? Makindu nako kuna hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, ambalo hadi sasa hulisha na kulaza msafiri wa dini yoyote bila kumtoza senti. Hekalu hilo limekuwa likifanya kwa karibu karne nzima kile ninachowaombeni mkifanye kwa kiasi kidogo tu.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu historia hii ilikwenda kwa nguvu za miguu, na mtu huielewa akiifuata kwa mwendo unaokaribiana na huo. Gari hutoka Kitui likafika Kibwezi vioo vikiwa vimefungwa, na abiria asijue kwamba kabla ya Athi amekatiza Uwanda wa Yatta, mmoja wa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani, karibu kilomita 300. Mwendesha baiskeli atajua, magoti yatamwambia. Ataiona mibuyu iliyosimama pale pale misafara ilipopita. Ataona mito ya mchanga, na akina mama wakichimba visima ndani ya mchanga kutafuta maji, na mabwawa ya mchanga ambayo wanavijiji wa kaunti zenu wamejenga kwa mikono yao na ambayo mataifa mengine huja kuyasomea. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini mtu hubeba maji ndani ya mtutu wa bunduki.

Tena fedha za baiskeli husambaa. Watalii wa basi hula hotelini walikolala na kulala walikokula. Mwendesha baiskeli hawezi kubeba vitu vingi, kwa hiyo hununua kidogo kidogo: maji na ndizi Mutomo, sahani ya muthokoi Ikutha, asali na maembe Kibwezi. Miiba ya migunga haimwonei mtu haya, na kila pancha ni riziki ya fundi aliyekaa chini ya mti na pampu yake. Wala msidhani namzungumzia Mzungu peke yake. Vijana wa Nairobi hutoka kila wikendi kwa makundi kutafuta mahali pa kuendesha, na walimu wetu wa historia wanatafuta pa kuwapeleka wanafunzi. Zaidi ya wote kuna wenyeji: kijana aliyefunga mitungi minne ya maji nyuma ya baiskeli, na mtoto anayekwenda shule. Njia itakayokuwa salama kwa mtalii itakuwa salama kwao kila siku, mtalii awepo asiwepo.

Haya ndiyo maombi yangu.

Kwanza, alama. Pale Nzambani, Mutomo, Ikutha, daraja la Athi, Kibwezi na Makindu, pawekwe vibao vya Kikamba, Kiswahili na Kiingereza vinavyoeleza kilichotokea hapo na umbali wa hatua inayofuata. Vibao visipake historia rangi ya harusi. Viseme kwamba pembe hizo zilikuwa roho za ndovu, kwamba katika njia za misafara za karne ile waliuzwa watu pia, na kwamba wamishenari wa Kilutheri waliofika Ikutha miaka ya 1890 walikuja pamoja na ukoloni uliokuwa ukiingia. Nzambani, wazee waachiwe wasimulie wenyewe ile habari ya mwanamume anayeuzunguka mwamba mara saba akageuka mwanamke. Nasi tutauliza kama kuzunguka kwa baiskeli kunahesabiwa.

Pili, maji. Mfereji mmoja na kivuli kimoja kila baada ya kilomita ishirini hivi, chini ya kamati za maji zilizopo, kwa bei iliyoandikwa ukutani. Kiangazi cha huku hakina mzaha.

Tatu, usalama. Kutoka Kibwezi kuteremka pwani, karibu kilomita 300, mwenye baiskeli hugawana lami na malori ya mizigo ya nchi kadhaa. Malori mawili yakipitana, yeye huruka kwenye mchanga. Hiyo ni barabara ya Serikali ya Kitaifa, najua. Ndiyo maana Mamlaka ya Barabara Kuu imepewa nakala ya barua hii. Lakini magavana wawili wakiomba kwa sauti moja bega la barabara litengenezwe na lisigeuzwe maegesho, watasikika kuliko mimi.

Nne, watu. Wafunzwe vijana wa kuongoza wageni, na Makavazi ya Kitaifa yaombwe kurekodi wazee kabla hawajatutoka. Tawi la njia liende Nzaui, mahali ambapo masimulizi ya Wakamba yanasema Mulungu aliwashushia mtu wa kwanza na mkewe. Jiwe lile halihitaji ukuta wala tiketi ya kielektroniki, linahitaji msimulizi.

Nayajua majibu yatakayotolewa. Ataambiwa mwananchi kwamba hakuna fedha. Kusini mwa Uturuki kuna Njia ya Lycia, iliyofunguliwa mwaka 1999, ambayo huwapitisha wasafiri wa miguu kandokando ya bahari katikati ya magofu ya kale. Alama zake nyingi ni mistari ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya mawe. Rangi haijashinda bajeti ya kaunti yoyote. Ataambiwa pia kwamba usalama Kitui Kusini ni tatizo, na ni kweli kumekuwa na mivutano kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia. Lakini tatizo hilo ni la wakazi kwanza, na kulisuluhisha kutawafaa kuliko kutufaa sisi wapita njia. Siombi ruhusa ya kupita ndani ya Tsavo kwa baiskeli. Simba wa huko wana wenyewe, na njia yetu itazunguka kwa barabara kuu.

Ataambiwa, mwisho, kwamba si kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti utalii wa ndani, shughuli za utamaduni, makavazi na barabara za kaunti. Linaiachia Serikali ya Kitaifa barabara kuu na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa. Vibao, maji, vijana na njia ndogo ya kwenda Nzaui viko mezani penu, na Makueni imejijengea jina kwa kuwauliza wanavijiji kabla ya kupanga bajeti. Anzeni huko: baraza moja Ikutha, moja Kibwezi, na mipango yenu miwili ikutane katikati ya daraja la Athi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka ufike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Naomba njia hii iwe na mstari wake katika mipango yote miwili, ukiwa na kiasi cha fedha na jina la afisa atakayewajibika. Mipango hiyo ni nyaraka za umma, nasi tutaifungua kuusoma mstari huo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwendesha baiskeli na mlipa kodi,
Kitui