Pesa za Inua Jamii si Sadaka

Mtaani kuna swali ambalo halizeeki: "Zishaingia?" Anayeuliza mara nyingi ni mama ambaye mwanawe ameshakuwa mtu mzima lakini hawezi kujilisha wala kujigeuza kitandani. Anamwachia jirani, anavuka feri ya Likoni kwenda kuangalia akaunti, anarudi mikono mitupu. Deni la unga na pampasi linabaki dukani vilevile.

Pesa zenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na zimebaki hapo kwa zaidi ya miaka 10. Unga wa 2,000 ya wakati ule si unga wa leo, hilo halihitaji profesa.

Kwa nini zinachelewa? Jina la mlengwa liko kwenye orodha ya wizara, lakini pesa ziko Hazina ya Kitaifa. Hazina isipoachilia fedha, afisa wa kaunti ndogo hana cha kulipa, na chifu ndiyo kabisa. Kwa hivyo kumfokea chifu ni kupoteza sauti. Ila kuchelewa kwa wote ni jambo moja, na jina lako peke yako kusimamishwa ni jambo jingine. Ukiona majirani wamelipwa wewe hujalipwa, usikae ukingoja mwezi ujao. Pengine mlezi aliyeandikishwa amefariki na hakubadilishwa, pengine kitambulisho hakilingani na rekodi. Hayo hurekebishwa kwenye ofisi ya huduma za jamii, lakini lazima mtu aende.

Kuna pia mkanganyiko wa kadi. Wengi wanadhani ukipata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, basi pesa zitaanza kuingia. La. Kadi ni usajili tu. Mpango huu ni wa wenye ulemavu mkubwa, wanaohitaji mtu wa kuwatunza wakati wote, na nyumba iwe maskini, na nafasi ziwepo. Mimi naona hapo penyewe pana dhuluma: mtu anatimiza masharti yote halafu anaambiwa orodha imejaa.

Kinachonikera zaidi ni lugha. "Shukuru hata hicho kidogo." Kwani ni sadaka? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema Serikali itawapa msaada wa kijamii wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, si "sistimu iko chini, rudi Jumatatu."

Sasa vijana, hapa ndipo mnapoingia. Yule mama hana bando, na pengine barua hajui aanzie wapi. Wewe unajua. Mwandikie: jina, nambari ya kitambulisho, mwezi wa mwisho kulipwa, na swali moja, kwa nini malipo yamesimama na malimbikizo yatalipwa lini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, ile nakala yenye muhuri ipelekeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Kulalamika huko ni bure.