Kabla ya kununua king'amuzi kipya, fuata waya

Na Yustina Bayo

Mwaka jana mama mkubwa wangu wa Dongobesh alinunua king'amuzi cha pili wakati cha kwanza kilikuwa kizima. Hakujua kama ni kizima. Fundi aliyeitwa alipanda juu ya stuli, akalitikisa dishi, akachungulia skrini kupitia dirisha, kisha akamwambia, "Mama, hii imeungua." Mama mkubwa akauza mbuzi mnadani, akanunua kipya. Kilionyesha siku tatu. Usiku wa siku ya tatu ikanyesha, na asubuhi maandishi yaleyale yakarudi kwenye skrini: hakuna mawimbi.

Nilipokwenda kumsalimia, mjukuu wake wa kidato cha pili alinishikia ngazi. Tulifungua konekta inayounga waya na LNB, kile kichwa kilichosimama mbele ya dishi. Yalidondoka maji. Uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umeota kutu ya kijani, na wavu wa nje ya uzi ule ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Tulikata waya kiasi cha kiganja mpaka tukafika kwenye shaba inayong'aa, tukafunga konekta mpya, tukaizungushia utepe wa mpira. Picha ikarudi. Tukaunganisha king'amuzi cha zamani, nacho kikaonyesha vilevile. Mama mkubwa alivitazama viwili vile mezani, akaniuliza, "Sasa mbuzi wangu alikwenda wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nadhani ninalo leo, na ndilo ninaloandika wiki hii. Mbuzi yule alichukuliwa na kutojua, na kutojua huku hakumhusu mama mkubwa peke yake. Tumeuziwa vyombo huku kwetu katika wilaya za Mbulu na Hanang bila kuachiwa maarifa ya kuvitunza. Muuzaji alihesabu fedha, fundi akafunga, wakaondoka. Kila picha inapokatika tunaanza kwa kununua, wakati tungeanza kwa kuangalia.

Turudi nyuma kidogo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata kwa awamu. Pamoja na mitambo ile uliondoka utaratibu mzima wa kuugundua ubovu. Enzi za analojia televisheni ilikuwa inaumwa waziwazi. Chenga zilianza kidogo, zikaongezeka, sauti ikakoroma, na mtoto akatumwa nje kuzungusha antena huku watu wanampigia kelele, "Hapohapo! Usiiachie!" Dijitali haiumwi hivyo. Picha inabaki safi kabisa huku mawimbi yanaendelea kupungua, mpaka yashuke chini ya kiwango ambacho king'amuzi kinaweza kuyasoma. Hapo inaganda, inakatika vipande, inapotea. Mwenye nyumba anaona kifo cha ghafla. Ukweli ni kwamba ugonjwa ulianza wiki nyingi kabla, ndani ya konekta iliyoingia maji au kwenye boliti iliyolegea.

Ndiyo maana napenda kila nyumba ijue ukurasa mmoja tu wa king'amuzi chake, ule wenye mistari miwili: mmoja wa nguvu ya mawimbi, mwingine wa ubora. Mafundi wengi huangalia ukurasa huo kisha huuzima kabla mwenye nyumba hajaelewa. Mstari wa nguvu unaweza kujaa hata kama dishi linatazama mahali pasipo na setilaiti yako, kwa sababu LNB ikipata umeme hutoa mawimbi yake ya fujo. Mstari wa ubora ndio unaosema kweli. Nguvu ikiwa juu na ubora ukawa sifuri, king'amuzi hakijafa. Dishi limepotea njia. Vyote viwili vikiwa sifuri, anza na waya.

Njia yenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Setilaiti zinazorusha televisheni ziko juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Ile ya Azam iko kwenye nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lake lililofungwa Haydom au Basotu hutazama magharibi. Ile ya DStv iko kwenye nyuzi 36 mashariki, na sisi tunakaa karibu na nyuzi 35 na nusu, kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu juu ya utosi wetu. Madishi ya majirani wawili yanaweza kutazama pande mbili na yote yakawa sahihi. Ukiliiga dishi la jirani bila kujua analipia kampuni gani, umejipoteza mwenyewe. Tena dishi la upana wa sentimita 90 likisogea nyuzi moja tu, ukingo wake haujahama zaidi ya upana wa kidole. Kidole kimoja kinatosha kukunyima taarifa ya habari.

Na kwetu kuna mnyama mwenye kazi ya kusogeza kidole hicho. Nguzo nyingi za madishi zimechimbiwa uani, hatua chache kutoka zizini. Ng'ombe akirudi jioni hujikuna kwenye chochote kilichosimama. Nimeona Endagikot nguzo iliyong'arishwa na ubavu wa ng'ombe mpaka rangi imetoka, na mwenye nyumba analalamika kwamba kampuni imemkatia matangazo. Dawa yake ni zege chini ya nguzo na miiba kuizunguka, au kulihamishia dishi kwenye ukuta imara. Angalia pia miti. Mgrevilia uliopandwa kama mche upande wa magharibi wa dishi la Azam unakua kimyakimya, na siku matawi yake mabichi yakifika kwenye njia ya mawimbi, hakuna king'amuzi kipya kitakachoona kupitia majani.

Mvua nayo ina lugha yake, na inafaa tuijue. Wingu zito la radi likipita kati ya dishi na setilaiti, matone hunyonya mawimbi na picha hukatika. Hapo hakuna kibovu. Subiri wingu lipite, picha itarudi yenyewe. Usipande juu ya bati wakati wa radi kwa sababu yoyote ile, na chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa dishi mapema, kabla radi haijakaribia. Lakini mvua ikiisha, jua likawaka, na picha isirudi hadi kesho yake, basi maji yameingia mahali. Waya unaoteremka moja kwa moja kutoka kwenye dishi hadi dirishani ni mfereji. Uache ulegee uning'inie chini ya usawa wa dirisha kabla haujaingia ndani, ili maji yadondokee nje.

Kuna dalili nyingine inayowachanganya watu: nusu ya chaneli zipo, nusu hazipo. Wengi huambiwa kifurushi kimepunguzwa. LNB hupokea mawimbi ya namna mbili, ya wima na ya mlalo, na king'amuzi huchagua kwa kuipelekea umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya uleule unaoleta picha. Konekta ikila kutu, au waya ukiwa mrefu na hafifu, volti 18 zinafika zikiwa zimepungua, na kundi zima la chaneli linatoweka kwa pamoja. Wenye sola wanaweza kuiona hali ya namna hiyo usiku betri inapochoka. Jaribio ni jepesi: beba king'amuzi chako mpaka kwa jirani mwenye huduma hiyohiyo, uchomeke waya wake. Kikionyesha kwake, kosa liko nje ya nyumba yako. Jaribio hili halina gharama, na lingemwokoa mbuzi wa mama mkubwa.

Soma pia maandishi ya skrini kabla ya kumwita mtu. Kwa wenye DStv, E16 maana yake mawimbi yanafika ila chaneli haijafunguliwa, mara nyingi kwa ajili ya malipo. E48-32 maana yake mawimbi hayafiki. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na nimekutana na watu waliolipia kifurushi mara mbili wakati waya umekatika. Ukishalipa, acha king'amuzi kikiwa kimewashwa, kwa sababu ruhusa inatumwa kupitia dishi na kilichozimwa hakiipokei.

Wanaotumia antena wana mitihani yao. Mawimbi ya minara ya ardhini hupenda njia iliyonyooka, na nchi yetu ni ya makorongo, ukuta wa Bonde la Ufa, na Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Nyumba moja kilimani inapata, na ya bondeni, mwendo wa dakika kumi, haipati. Antena ya ndani chini ya bati ni hasara, maana bati linayarudisha mawimbi. Itoe nje, iinue, kisha tafuta chaneli upya. Nyumba ambazo mlima umezifungia njia zinategemea dishi tu. Ndiyo maana agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) la mwaka 2018, lililoondoa chaneli za ndani za bure kwenye ving'amuzi vya setilaiti, liliuma zaidi vijijini kuliko mjini. Wa mjini alikuwa na antena ya kukimbilia.

Najua wapo watakaosema televisheni ni anasa, na Mbulu ina shida kubwa zaidi. Sikubaliani nao. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaangukia Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sisemi skrini ingelizuia tope lile. Nasema kwamba tangu siku hiyo, mtu wa Hanang anayetaka kusikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni ana haki ya kuusikia, na mama wa Balangdalalu hastahili kuukosa mwezi mzima kwa sababu ya konekta ambayo dukani ni bei ya maandazi machache.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza, kila anayeuza king'amuzi amwachie mteja karatasi moja ya Kiswahili chepesi: maana ya maandishi ya skrini, jinsi ya kufungua ukurasa wa ubora, na jinsi ya kukagua waya. TCRA, inayotoa leseni, ilifanye hili kuwa sharti, na Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lilisimamie kwa niaba yetu. La pili, vijana wetu wanaosomea umeme kwenye vyuo vya ufundi vya VETA wafundishwe madishi na antena pia, kwa kipimo na si kwa kubahatisha, maana kazi ipo katika kila kijiji kilichofikiwa na nguzo za umeme au paneli ya sola. La tatu linatuhusu sisi wenye nyumba: usimlipe fundi mpaka akuonyeshe namba ya ubora kabla na baada ya kazi yake, na akisema kifaa kimeungua, kijaribuni kwanza kwa jirani.

Hatushindwi. Mfugaji wa huku humjua ndama mgonjwa kwa masikio na mavi yake, na hachinji ng'ombe kwa sababu amekohoa mara moja. Jicho lilelile linatosha kwa dishi.

Siku ile kabla sijaondoka Dongobesh, mjukuu aliandika kwa chaki ukutani nyuma ya televisheni: ubora 72, na tarehe. Mama mkubwa aliniahidi atautazama ukurasa ule kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi wa tatu alinipigia simu. Picha ilikuwa safi, haijakatika hata kidogo, lakini namba ilikuwa imeshuka hadi 51, naye hakutaka kungoja. Walikuwa wamekwisha kukagua, yeye na mjukuu. Boliti ya nguzo ilikuwa imelegea, na kwenye nguzo kulikuwa na manyoya ya ng'ombe.

"Tumekaza," akaniambia. "Imerudi 70. Kesho tunaleta miiba."